Nani Alimfundisha Émile Kiingereza

Kwa desturi ya kwetu, msichana anayeposwa hasikiki. Anafungiwa chumbani, anapambwa, anasubiri, na huko uani wazee wanamaliza maneno yote kwa niaba yake. Siku ile waliyokuja kuniposa niliishika desturi hiyo kwa meno, na wanaonijua wanaelewa kwamba haikuwa kazi ndogo. Nilikaa kwenye kitanda cha shangazi Julienne, katika parseli, ua wa nyumba yetu mtaani Ndosho, nimevaa mushanana, lile vazi la sherehe la kufunga begani, la kuazima, nikisikiliza dirishani jinsi Muzee Munyakazi alivyokuwa akimchora msichana mwingine kabisa na kumwita kwa jina langu.

Muzee Munyakazi alikuwa msemaji wa upande wa mchumba wangu, Émile Habumugisha. Kwetu posa inakwenda hivyo. Kila familia inaweka mtu mmoja mwenye ulimi, na hao wawili wanapambana kwa mafumbo na utani mbele ya wageni, mmoja akiomba, mwingine akijifanya hataki. Upande wetu alisimama baba mkubwa Anastase, aliyenilea tangu baba yangu afariki. Mchumba mwenyewe anaketi katikati ya watu wake kama picha. Akifungua mdomo, familia yake inalipa faini, kaziye, yaani kreti nzima ya fanta, na watu watamcheka mpaka siku wanawe watakapooa.

"Huyu binti," akasema Muzee Munyakazi kwa sauti ya mahubiri, "habari yake tuliisikia tangu kule kwetu Kiwanja. Mutoto mupole. Nyimbo za dunia haziingii mu masikio yake. Asubui ni maziwa, magaribi ni maombi."

Wageni wakapiga makofi. Shangazi Julienne akanitupia jicho la pembeni, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge ili asicheke. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Naitwa Patricia Uwizeye. Kazi yangu ni kuuza jibini la Masisi katika kibanda kilicho kando ya barabara ya Sake, na ugonjwa wangu ni rock. Kaseti zangu nilizipata soko la Virunga, zimejificha ndani ya marobota ya mitumba, zimeviringishwa kwenye soksi za watu wa Ulaya, na wafanyabiashara walikuwa wakizitupa. Nimezisikiliza zote, hata zilizolowa maji, na kila moja nina maoni juu yake. Maoni hayo sijawahi kumficha mtu, hata mteja aliyekuja kununua jibini tu na kurudi nyumbani kwa amani.

Mimi nasema hivi. Albamu inaruhusiwa wimbo mmoja mbaya. Ikiwa na miwili, tuwasamehe, labda mmoja wao alikuwa mgonjwa. Ikiwa na mitatu, huo ni wizi. Nawachukia wanaokufungulia kwa gita la moto, halafu wimbo wa tatu wanakuletea kinanda na machozi, kana kwamba walipata habari ya msiba wakiwa kazini. Mpiga gita anayekimbiza vidole bila kwenda popote namwona kama mgeni anayesimulia safari yake kabla hajasalimia. Kaseti yangu bora haina hata jalada. Anaimba mwanamke ambaye simjui jina, mwenye sauti ya mtu aliyeporwa zamu yake bombani, na mpaka upande wa pili unakwisha hajaomba radhi hata mara moja.

Kwa mwanamke huyo nilijifunza Kiingereza, maana vitabu na mimi tulishindwana. Nina kozi moja ya kaseti ambamo mwanamume wa sauti ya puani anauliza njia ya kwenda makumbusho, kisha anamshukuru polisi. Somo linalofuata anaagiza samaki hotelini. Kozi inakwisha na hakuna aliyemkasirikia mwenzake, hakuna aliyefiwa, hakuna aliyesema hataki. Niambieni ni nani duniani anaishi hivyo. Na kile kitabu cha kuwafundisha wageni Kiswahili, nilichokikuta katika robota lilelile, ndicho kibaya kuliko vyote. Kinaanza na amri tupu: leta maji, ondoa sahani, osha gari. Salamu zimewekwa mbali huko ndani, mgeni akiwa ameshamtuma mpishi wake kutwa nzima na bado hajui anaitwa nani. Kilinipandisha damu, nikachana kurasa zake moja moja na kufungia jibini.

Ni kurasa hizo zilizomleta Émile, au tuseme ndizo zilizomfanya asimame. Ulikuwa mwaka ule watu wa Rutshuru walipokimbia vita, barabara zikajaa magodoro vichwani na mbuzi wa kuvutwa kwa kamba. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kiwanja, ameingia mjini na mama yake na mfuko mmoja. Alisimama mbele ya kibanda changu, hanunui, anasoma karatasi ya kufungia huku akisikiliza kaseti. Akasema kitabu hiki kimeandikwa na mtu asiye na jirani. Nikampenda hapohapo. Kisha akaongeza kwamba mama huyu anaimba vizuri, lakini mpiga ngoma anamharakisha, na mapenzi yakageuka hasira kabla hayajapoa.

Tulibishana mpaka wateja wakaondoka. Kesho yake akarudi tubishane tena. Alikuwa na tabia ya kufumba jicho moja anapotafuta neno, na alipolipata alilifumbua na kunitazama mimi, si mtu mwingine, kana kwamba neno hilo ni mimi niliyelificha. Nilianza kufungua kibanda mapema. Nilianza kuvaa hereni za kwenda kanisani nikiwa nakata jibini. Shangazi Julienne aliona, akaniuliza kama siku hizi kuna misa barabarani.

Kambi za wakimbizi za Kibati na Mugunga zilikuwa zimejaa, na mashirika ya misaada yalitafuta watu wa kuwatafsiria wageni. Émile alikuwa na Kifaransa, Kinyarwanda na Kiswahili, lakini Kiingereza hakuwa nacho. Nikamwambia akae juu ya kreti. Yule bwana wa makumbusho nilimrudisha kwenye soksi yake. Tulianza na mwanamke wangu asiye na jina, nikisimamisha kaseti kila mstari, yeye akirudia, mimi nikimsahihisha. Tulijifunza kwanza kukataa, kisha kulalamika, kisha kudai, na mwisho kabisa kushukuru. Betri zilipopanda bei kwa sababu ya vita niliimba mwenyewe, na sauti yangu, nasema bila aibu, si ya kuimbia watu. Hakucheka. Alirudia kila mstari akinitazama midomo, na jioni moja tulisahau ni nani aliyekuwa na zamu ya kurudia.

Alipoitwa kwenye usaili, wale wageni walimjaribu kwa kumwambia kitu kisicho sawa, na yeye akawabishia kwa Kiingereza safi cha kibanda cha jibini. Wakamchukua siku hiyohiyo.

Kasoro ilikuwa mama yake. Mama Nyiransengimana alikuwa mlokole wa kweli, mwanamke aliyevuka vita akiwa ameshika Biblia mkono mmoja na mwanawe mkono wa pili. Rock aliiita kilio cha mapepo. Alishapita mbele ya kibanda changu akaweka vidole masikioni. Na aliamini, na kutangaza kanisani, kwamba Émile alijifundisha Kiingereza mwenyewe kwa maombi na kitabu kidogo, katika giza la ukimbizi. Émile alimwacha aamini hivyo. Nilipogundua tuligombana vibaya, tumekaa juu ya mawe ya volkano nyuma ya parokia, nikamwambia sitaki kuolewa nikiwa siri. Akanishika mkono. Akaniomba nimwachie yeye, kwamba kabla ya siku ya posa mama atajua kila kitu, kuanzia kaseti ya kwanza. Macho yake yalikuwa na maji. Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Na sasa nilikuwa chumbani, nasikia kwamba asubuhi ni maziwa na magharibi ni maombi.

Huko uani wakafika kwenye ng'ombe. Zamani ng'ombe wa mahari waliletwa, wakaonekana, wakahesabiwa meno. Lakini vita ilishapita Kiwanja, na zizi la kina Émile lilibaki miti mitupu. Kwa hiyo Muzee Munyakazi akafanya kile wazee wanachofanya siku hizi. Alisimama, akaegemea fimbo, akawatoa ng'ombe kwa maneno. Alimsifu Gaju, yule mwekundu, pembe zake, mwendo wake wa bibi arusi, maziwa yake yaliyolea watoto wa jirani wakati wa njaa. Alimsifu kwa Kinyarwanda cha wafugaji, haraka, bila kupumua. Kupitia dirishani nilimwona Mama Nyiransengimana akijifuta uso, maana Gaju alikuwa akimkamua kwa mikono yake mwenyewe. Nami nikalia. Baba mkubwa Anastase akajibu kwamba ng'ombe tumewaona na wamependeza sana.

Hapo ningeweza kusamehe yote. Ningetoka nje na uso laini. Lakini Muzee Munyakazi alikuwa ameshapata moto, akaendelea.

"Na huyu kijana wetu, angalieni muzuri. Mu shida ya kukimbia, batu banalala inje, yeye alijifundisha Kingereza peke yake, na kitabu moja na maombi ya mama yake. Leo anasemea bazungu. Na binti yenu muuza fromaji, musiogope. Atamufundisha naye polepole, ata kama kichwa ni nguvu."

Watu wakaangua kicheko. Nikasogea karibu na dirisha kumtafuta Émile. Alikuwa ameketi karibu na mama yake, koti jipya, mikono juu ya magoti. Aliinua macho kuelekea dirisha langu, tukaonana, na akayashusha akatazama viatu vyake.

Sijui niwaeleze vipi hasira ile. Haikuwa ya kuitwa muuza jibini, maana ndivyo nilivyo. Haikuwa hata ya kuitwa mgumu wa kichwa. Nilijiambia hivi: vita imechukua ng'ombe, sawa. Imechukua mashamba, nyumba, na vikombe vya bibi zetu. Tumebaki na maneno, nayo ndiyo tunayolipana, ndiyo tunayoolewa kwayo. Sasa kama ng'ombe ni maneno, maneno yenyewe yakiwa uongo, mimi ninatolewa kwa kitu gani?

Niliyasema hayo kwa sauti, na shangazi Julienne akanivuta mkono. Akanieleza kwamba huo ni mchezo wa wazee, kila mtu anajua, kwamba siku yake yeye walimsifu kwa kusuka vikapu na hajawahi kusuka hata kimoja, na ndoa yake bado imesimama. Nikamuuliza kama mumewe alijua. Akasema alijua, walicheka wote usiku ule. Nikamwambia hapo ndipo penye tofauti, kwa sababu mama mkwe wangu hachezi. Kesho ataingia nyumbani kwangu kuzitafuta nyimbo za dunia, atazikuta, na mwanawe atatazama viatu.

"Patricia," akasema, sasa bila mzaha, "usiharibu siku."

"Imeisha kuharibika, shangazi. Mi nataka tu nijue na nani."

Wakaniita. Shangazi alinitoa nje kwa mwendo ule wa polepole tunaofundishwa, macho chini, mikono imekunjwa. Vigelegele vikapigwa. Pande mbili za uwanja zilikuwa na turubai mbili zikitazamana, na mimi nikasimamishwa katikati, kwenye nafasi wazi. Baba mkubwa Anastase, akifuata desturi, akaniuliza swali ambalo kila msichana anaulizwa na ambalo jibu lake linajulikana kabla ya mvinyo kufunguliwa.

"Mutoto wangu, hawa bageni banasema bako na kijana hapa anakujua. Weye unamujua?"

Msichana anatabasamu, ananyoosha mkono, watu wanashangilia. Ndivyo ilivyo. Nikainua macho.

"Ule kijana Muzee Munyakazi alisema, huyo hapana, simujue. Ule aliyejifundisha Kingereza na maombi, sijawahi muona. Mi najua mwingine. Alijifundisha juu ya kreti yangu ya fromaji, na kaseti za rock, na mi njo nilikuwa mwalimu. Kama huyo iko hapa, basemaji banyamaze, ajionyeshe yeye mwenyewe."

Mlio wa mizinga kutoka upande wa Kibati, ambao tulikuwa tumeuzoea, niliusikia upya. Muzee Munyakazi akajaribu kuokoa hali kwa kicheko, akasema binti huyu ana utani mzuri, leteni faini tunywe. Hakuna aliyecheka naye. Mama Nyiransengimana alikuwa ameshageuka kumtazama mwanawe.

"Émile. Ni bongo? Huyu anadanganya?"

Najua mtajiuliza nilijisikiaje wakati ule. Nilijisikia nimesimama peke yangu na nguo ya kuazima, mbele ya familia mbili, na mwanamume niliyempenda kuliko kitu chochote akitafuta neno asilione. Nilifikiri moyoni kwamba nikihesabu pumzi chache zaidi nitageuka, nirudi ndani, na maisha yangu yote nitauza jibini kwa watu waliooana. Nilikuwa tayari. Iliniuma, lakini nilikuwa tayari.

Émile akasimama.

Watu wa upande wake wakanong'ona kuhusu faini, mmoja akamvuta koti. Akalivua koti, likabaki mkononi mwa aliyelivuta.

"Mama, si bongo," akasema. "Patricia njo alinifundisha. Yote. Kama si yeye tungekuwa bado tunalala kanisani. Nilikuambia ni kitabu juu niliogopa utalia. Ulikuwa umeisha kulia sana mu ile miezi. Ni mimi nilikosa, si yeye. Na hizo nyimbo, mama, mi nazipenda pia."

Lile la mwisho ndilo lililomchoma. Niliona. Mama Nyiransengimana akasimama pia, mfupi, amenyooka, mkoba umebanwa kifuani.

"Basi kama ni hivi," akasema, "enda uikale kule kwao."

Alisema kwa hasira, kama mama yeyote anavyomwambia mtoto aende. Hakumaanisha. Lakini Émile aliinama, akachukua kiti chake cha plastiki, akakiinua juu ya vichwa vya wajomba zake, akavuka uwanja nacho. Alinipita karibu mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake. Hakunishika wala hakunitazama, na ilikuwa vizuri, kwa sababu bado nilikuwa na hasira naye na ningeweza kumpiga mbele ya wazee. Akafika chini ya turubai letu, akatafuta nafasi. Binamu zangu wakasogea. Akaketi katikati yao, kwenye familia yangu, akitazamana na familia yake.

Baba mkubwa Anastase alikuna kidevu. Hata yeye rock haipendi, alishawahi kuniambia inamharibia mmeng'enyo wa chakula. Kisha akamgeukia msemaji mwenzake kwa heshima zote za mchezo.

"Muzee Munyakazi, naona mambo imebadilika. Mulikuja kuomba mutoto moja. Sasa bako kwetu babili. Munaomba nani?"

Mtu aliyemtoa Gaju kaburini kwa maneno matupu alibaki ameshika fimbo, akamwangalia mama wa mchumba amsaidie.

Mama Nyiransengimana alikuwa akitazama mahali kiti kilipokuwa. Palikuwa na alama nne kwenye mchanga mweusi, basi. Vita ilishamchukulia mume, nyumba na zizi, na sasa mwanawe wa pekee alikuwa amekaa ng'ambo, hatua chache tu, na hakuna askari aliyemlazimisha. Nilimwonea huruma ambayo sikuwa nimeitaka, na hasira yangu haikuondoka, vikakaa vyote viwili kifuani kwa kubanana.

Akamwambia Muzee Munyakazi aketi. Mzee akaketi. Watu wakatazamana, maana kwetu mwanamke hawi msemaji wa posa, tangu lini. Akaufunga upya mkanda wa kitenge chake, akasogea mpaka pale wasemaji wanaposimama, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Hapakuwa na upendo katika macho yale, ila hapakuwa na uongo pia.

"Naanza upya," akasema. "Tumekuja kuomba binti muuza fromaji, mwenye kusikiliza rock. Ni yeye alifundisha mutoto wangu Kingereza."

Nikamgeukia Émile. Alikuwa amefunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika, na binamu yangu mmoja akimpiga mgongoni.

Baba mkubwa Anastase akakohoa, akajiweka sawa, akashika tena zamu yake ya kujifanya hataki, akajibu kwamba binti kama huyo hapa kwetu hajulikani, labda wajaribu nyumba ya jirani.